Pesa ya zahanati ipo, mtu wa kukuhudumia hayupo: jinsi mgawo wa fedha za afya unavyokwenda

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa kijijini kwa mama, huku huku mkoani Katavi. Nimerudi na stori, na nimerudi na hesabu. Naomba uvumilie zote mbili, maana stori bila hesabu haitakusaidia kitu.

Stori yenyewe ni hii. Dada yangu alishikwa na uchungu saa tatu asubuhi. Zahanati ya kijiji (jina naliweka kapuni) iko umbali wa kutembea kwa miguu, tukaenda naye taratibu mimi na mama. Kufika, mlango una kufuli. Nesi ameenda wilayani kupeleka ripoti za mwezi. Hakuna mwingine. Ikabidi bodaboda, mama nyuma amemshikilia, kuelekea kituo cha afya cha kata ya jirani. Hawakufika. Mtoto alizaliwa chini ya mwembe kando ya barabara, akapokelewa na mama na bibi mmoja aliyekuwa anatoka shamba. Wako wazima wote wawili, Mungu mkubwa. Lakini mimi tangu siku ile nikisikia mtu anasema "huduma zimeboreshwa" nanyamaza tu.

Sasa pale kijijini kila mtu alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa moja: wamekula. Pesa ya zahanati wameshaitafuna wakubwa. Na mimi niliamini hivyo hivyo. Si ndivyo tulivyozoea?

Baada ya siku tatu nikarudi kumpeleka mtoto. Ukutani pale nje pamebandikwa karatasi: fedha zilizopokelewa robo hii ni kiasi fulani, zilizotumika kiasi fulani, na muhuri. Nikamuuliza nesi, "Dada, hii pesa ni kweli ilikuja?" Hakukasirika. Akanifungulia kabati. Glovu zipo. Dawa ya malaria ipo, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua ipo. Akaniambia, "Mdogo wangu, mapokezi ni mimi, dawa ni mimi, chanjo ni mimi, kuzalisha ni mimi. Nikienda kupeleka ripoti, zahanati nzima imeondoka na mimi."

Ndio nikaanza kuuliza na kusoma. Hivi pesa za afya zinagawanywaje mpaka kijiji kinakuwa na dawa, kina glovu, kina karatasi yenye muhuri, halafu hakina mtu? Nilichokuta sio kile nilichotegemea.

MIFEREJI NI MINGI, TANKI NI MOJA

Kwanza tuelewane. Naongelea Tanzania Bara. Zanzibar wana wizara yao ya afya na bajeti yao.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bunge linapitisha bajeti kwa mafungu. Wizara ya Afya ni Fungu 52. TAMISEMI ni Fungu 56. Halafu kila mkoa una fungu lake, na ndani ya fungu la mkoa ndimo zinamokaa fedha za halmashauri zake. Kwa hiyo ukisikia kwenye redio "Wizara ya Afya imetengewa kiasi fulani", usidhani hiyo ndiyo pesa yote ya afya, wala usidhani zahanati yenu imo humo. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, yaani upande wa TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zilikuwa upande huo huo, lakini mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli aliagiza zihamishiwe Wizara ya Afya.

Hii ina maana ukienda kwa mkurugenzi wa halmashauri kulalamikia hospitali ya mkoa atakuambia sio yangu, na hatakuwa anakukwepa.

Pesa inayofika kwenye zahanati nimeigawa kwenye mafungu matano ili tusichanganyane:

1. Mishahara ya watumishi.
2. Matumizi mengineyo, wenyewe maofisini wanaita OC: mafuta ya gari, umeme, karatasi, safari za kazi.
3. Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule wanaouita basiketi fandi. Ulianza 1999. Wafadhili wanaweka pesa chungu kimoja badala ya kila mmoja kuja na mradi wake. Denmark, Uswisi, Ayalandi na Kanada wamewahi kuchangia humo.
4. Dawa na vifaa kupitia Bohari ya Dawa, yaani MSD.
5. Mapato ya zahanati yenyewe: papo kwa papo pale dirishani, na bima, pamoja na Mfuko wa Afya ya Jamii.

Kila fungu lina njia yake ya kugawanywa, na hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

KANUNI YA MWAKA 2004

Zamani ruzuku ya afya ilifuata majengo. Wilaya yenye hospitali na vitanda vingi ilipata nyingi, isiyo na kitu ikapata kidogo. Yaani mwenye nacho anaongezewa. Mwaka 2004 serikali ikaleta kanuni mpya ya kugawa ruzuku kwa halmashauri. Kwa upande wa afya ilikuwa hivi:

- Asilimia 70 inafuata idadi ya watu.
- Asilimia 10 inafuata idadi ya watu maskini.
- Asilimia 10 inafuata urefu wa njia ambayo gari la afya la wilaya linapita kufikia vituo.
- Asilimia 10 inafuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Ukiiangalia ni kanuni ya haki kabisa. Watu wengi, pesa nyingi. Mkiwa maskini, mbali, na watoto wenu wanakufa, mnaongezewa kidogo.

Tufanye mfano. Hizi namba ni za kwangu za kutungwa, ili tuone kanuni inavyofanya kazi. Tuseme kuna halmashauri mbili tu, Mjini na Porini. Mjini ina watu 300,000, Porini ina watu 200,000. Kuna shilingi milioni 1,000 za kugawa.

Milioni 700 zinafuata vichwa: Mjini 420, Porini 280.
Milioni 100 za umaskini: Porini ina maskini wengi zaidi, tuseme Mjini 40, Porini 60.
Milioni 100 za njia ya gari: Mjini 25, Porini 75.
Milioni 100 za vifo vya watoto: Mjini 40, Porini 60.

Jumlisha. Mjini milioni 525, Porini milioni 475. Ukigawa kwa kichwa, mtu wa Mjini amepata shilingi 1,750 na mtu wa Porini shilingi 2,375. Safi sana. Porini kapendelewa, na anastahili.

Ningeishia hapa ningeandika makala ya kuipongeza serikali na kwenda kunywa chai. Ila bado hatujaweka mishahara.

MSHAHARA HAUFUATI KANUNI, UNAFUATA MTU

Katika fedha ambazo serikali kuu inazipa halmashauri kwa ajili ya afya, fungu kubwa kuliko yote ni mishahara. Na mshahara kiukweli hauendi kwa kanuni ya vichwa. Unaenda pale alipo mtumishi. Nesi akiwa Mjini, mshahara wake unahesabika Mjini. Akihama, anahama nao. Nafasi isiyo na mtu haileti pesa. Hakuna anayekuja kusema "nyie mna upungufu wa manesi kumi, basi chukueni mishahara ya manesi kumi mtafute wenyewe". Kibali cha ajira kinatoka juu, mshahara unatoka Hazina moja kwa moja kwenda akaunti ya mtumishi.

Turudi kwenye mfano wetu. Mjini ina watumishi wa afya 400, Porini ina 100. Tuseme kila mmoja kwa wastani analipwa milioni 10 kwa mwaka. Mjini inapata milioni 4,000 za mishahara, Porini milioni 1,000. Kwa kichwa, mtu wa Mjini kapata shilingi 13,333, wa Porini 5,000.

Sasa jumlisha na ule mgawo wa kanuni. Mjini: 15,083 kwa kichwa. Porini: 7,375.

Umeona mchezo? Kanuni ilimpendelea Porini kwa shilingi 625. Mishahara ikamnyang'anya shilingi 8,333. Na hakuna aliyekula hata senti. Hakuna mwizi wa kumshika. Kila karatasi ina muhuri.

Ndiyo maana nasema kule kijijini tulikuwa tunamtafuta mwizi wakati tatizo lilikuwa kwenye mgawo. Sisemi wizi haupo. Ripoti za CAG zinatoka kila mwaka na tunazisoma. Ila hata ukimfunga kila mwizi, zahanati yenye nesi mmoja itabaki na nesi mmoja.

KWANI MANESI HAWAPO?

Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa miaka kumi: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wananchi wakachanga, wakafyatua matofali, wakabeba mchanga. Mama yangu alibeba maji ya ujenzi. Majengo yakapanda. Lakini tofali unafyatua kwa wiki, nesi anasomeshwa miaka, na akishasoma lazima uwe na pesa ya kumlipa kila mwezi mpaka astaafu. Majengo yakawakimbia watumishi.

Ikama ya serikali ya mwaka 2014 ilisema zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Soma tena: kumi na tano. Halafu uhesabu wa kwenu.

Mwaka 2016 ajira serikalini zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Mwaka 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti feki, wa idara mbalimbali, afya ikiwemo. Sina ugomvi na kuwaondoa wenye vyeti feki, nani anataka kuchomwa sindano na kanjanja? Ila pengo likiachwa, linaumiza zaidi pale walipokuwa wawili kuliko pale walipokuwa arobaini. Baadaye ajira zilifunguliwa tena na vibali vikaanza kutoka. Lakini mtu anapangiwa huku kwetu, anafika, anakuta hakuna nyumba ya mtumishi, mtandao anaupata akipanda kichuguu, mshahara unafuatwa mjini kwa nauli inayouma. Mwaka wa pili anaomba uhamisho. Na akiondoka... anaondoka na mshahara wake.

VICHWA NAVYO VINABADILIKA

Kuna jambo jingine. Ikiwa asilimia 70 inafuata idadi ya watu, basi kuhesabiwa ni pesa. Sensa ya 2012 ilikuta Katavi kuna watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Tumezidi mara mbili ndani ya miaka kumi! Wakulima, wafugaji, wachimbaji wadogo, kila mtu kaja. Kilimanjaro wakati huo huo walitoka 1,640,087 wakafika 1,861,934.

Katikati ya sensa na sensa wapangaji wanatumia makadirio. Mkoa unaotulia, makadirio yanakuwa karibu na ukweli. Mkoa unaofumuka kama wetu, kila mwaka unaopita unazidi kuwa hatarini kupangiwa pesa za watu wachache huku foleni ni ya watu wengi. Kwa hiyo siku nyingine karani wa sensa akija usimfungie mbwa mlangoni. Anahesabu glovu zako.

KILICHOBADILIKA TANGU 2018

Tuwe wakweli, kuna kitu kimebadilika na kimesaidia. Zamani pesa ya Mfuko wa Pamoja ilikuwa inaishia kwenye akaunti ya halmashauri. Zahanati ikitaka ufagio inaandika barua, barua inakwenda kwa mganga mkuu wa wilaya, ufagio unakuja au hauji. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 pesa hizo zinatoka Hazina kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo. Zahanati inapanga, kamati inapitisha, pesa inatoka. Ndiyo sababu siku hizi unaona karatasi ukutani.

Hata dawa zikikosekana MSD, kituo hakitakiwi kukaa kimya. Kuna utaratibu wa mshitiri, ulioanza Dodoma mwaka 2014 kwa jina la Jazia na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Mkoa unaingia mkataba na muuzaji binafsi, MSD wakikosa dawa kituo kinanunua kwake.

Kwa hiyo upande wa pesa ya vitu, mfereji umefupishwa. Upande wa pesa ya watu, mfereji ni ule ule. Tumepeleka pesa mpaka mlangoni kwa zahanati, nyuma ya mlango hakuna mtu. Tena mbaya zaidi, yule nesi mmoja sasa ndiye mganga, ndiye mhasibu, ndiye karani wa ripoti. Mahesabu ya pesa ile ile iliyoletwa kumsaidia ndiyo yanamtoa kituoni siku ambayo dada yangu anakuja.

SIO RAHISI KAMA TUNAVYODHANI

Najua mtu atasema: basi wachukue nesi mia Mjini wawalete Porini, kwisha habari. Nilisema hivyo pia, nikamwambia jamaa yangu mmoja anayesomea uganga. Akaniuliza, "Dada yako angetoka damu nyingi pale chini ya mwembe, mngempeleka wapi?" Mjini. Hospitali za mjini zinabeba na wagonjwa wetu, tena wale mahututi. Ukizipunguza kwa hasira unaweza kuua huku ukidhani unaokoa. Nikakubali. Kwenye mfano wangu wa juu, sehemu ya zile 15,083 za mtu wa Mjini kwa kweli inamtibu na mtu wa Porini akipewa rufaa. Lakini uifikie kwanza.

Kwa maoni yangu mimi wa kidato cha nne, dawa ni tatu. Ajira mpya zianzie kwenye vituo vyenye mtu mmoja, kabla ya kuongeza wa arobaini na moja mahali penye arobaini. Nyumba ya mtumishi ijengwe pamoja na zahanati, sio baada ya miaka kumi. Na zahanati yenye mtu mmoja isidaiwe ripoti zinazomfungisha mlango, afuatwe huko huko.

WEWE UFANYE NINI

Kamati ya zahanati ina wawakilishi wa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Usiende kule ukauliza "pesa iko wapi?" tu, maana utaonyeshwa karatasi na utakaa chini. Uliza haya:

1. Robo hii kituo kimepokea shilingi ngapi, na zimeingia tarehe ngapi? (Pesa iliyopangwa sio pesa iliyofika.)
2. Kati ya hizo, ngapi zimenunua dawa na ngapi zimekwenda kwenye safari na vikao?
3. Dawa gani hazikuwepo MSD, na mshitiri aliulizwa?
4. Ikama yetu ni watumishi wangapi, na waliopo ni wangapi?
5. Halmashauri iliomba watumishi wangapi kwenye bajeti iliyopita, na waliopangiwa kwetu walikwenda wapi?

Hilo la nne na la tano mpelekee diwani wako, na mbunge akija mpe tena. Hayo ndiyo hayana karatasi ukutani. Zipo taarifa za pesa kila kona, sijaona ubao hata mmoja ulioandikwa "tunatakiwa 15, tupo 1". Mimi nimemwomba mwenyekiti wa kijiji chetu auandike kwa mkaa kama rangi hakuna. Amecheka, ila amesema mkutano ujao niulete mwenyewe. Nitaenda.

Mtoto wa dada wamemwita Mwembe kwa utani. Jina lake la kweli linasubiri baba yake arudi kutoka machimboni.

Nyie huko kwenu zahanati ina watumishi wangapi? Wahesabu kesho, uje uniambie hapa chini. Tusiandike "wamekula" tu, tuandike namba.